Kasha la Miwani la Bwana Nyama

Bwana Nyama hakuniuliza jina wala kwetu. Siku ya kwanza nilipofika kwenye kiwanja chake cha shabaha, mbele kidogo ya Naliendele, ndani ya shamba la mkonge lililotelekezwa zamani, aliniangalia usoni, akanivua miwani yangu ya jua, akaikunja na kuitumbukiza kwenye mfuko wa shati langu.

"Hii ya harusini," akasema. "Hapa tunavunja vitu."

Nilikuwa nimekuja kuomba kazi, si kuvunja kitu. Wakati huo nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu, nimeshachota chumvi, nimeshabeba magunia ya korosho, nimeshaendesha bodaboda mpaka Kilambo na kurudi. Shule niliiacha mapema, na tangu hapo kila nisichokielewa nakifuata mpaka nikielewe, kisha nahama. Mtambo wa kurushia visahani niliuelewa kabla jua halijazama. Mwenye mtambo ndiye aliyenishinda, na ndiyo maana kila nilipohama nilirudi tena kwake.

Bwana nyama ndivyo watu wanavyomwita askari wa wanyamapori. Yeye alikuwa amestaafu kazi hiyo, ila jina lilikataa kustaafu. Ujana wake wote aliumaliza kando ya Ruvuma akifukuza viboko waliokuwa wakipanda usiku kula mpunga wa watu. Alipopewa mkono wa kwaheri aliomba kibali, akakodi kipande cha lile shamba la mkonge, akafungua kiwanja. Kibali kilitundikwa ukutani, bunduki zilifungiwa kwenye sefu ya chuma, na ufunguo ulining'inia shingoni mwake. Mchezo wenyewe ni mwepesi kuueleza. Mtu anasimama na bunduki ya marisau, ile inayotema punje nyingi ndogo badala ya risasi moja. Anapaza sauti, "Toa!" Mimi niko ndani ya shimo lililozungushiwa magunia ya mchanga, naachia mkono wa mtambo, kisahani cha udongo kinaruka juu ya mikorosho, naye anajaribu kukivunja kikiwa hewani. Hakuna kinachokufa. Vigae vinanyesha, watu wanapiga makofi, basi.

Vigae hivyo ndivyo vilivyomfanya awe alivyokuwa. Hakuna aliyevuka kamba yake bila miwani ya kinga, awe mpigaji, mtazamaji au muuza ming'oko, vile viazi vya porini, aliyekuja na beseni lake kichwani. Alisema kigae hakijui nani kalipa kiingilio. Alisema punje ya marisau ikigonga jiwe hurudi kumsalimia aliyeituma. Alisema, na hili alilisema kila siku ya Mungu, kwamba jicho si jino la mtoto, likitoka halioti lingine.

Ukutani, pembeni ya kibali, alitundika miwani yake ya zamani ya plastiki ngumu, na katikati ya kioo cha kulia ilikwama punje moja ya marisau, imezama nusu. "Hapo," alikuwa akisema, "ndipo jicho langu lilipokuwa." Hadithi ya punje hiyo sikuisikia mara mbili ikiwa ile ile. Safari moja ilitoka kwenye mwamba wa mtoni. Safari nyingine ilitoka kwa mkubwa fulani wa wilaya aliyekuwa akiwinda kanga na kuogopa vivuli. Nilipomuuliza ipi ya kweli, akanijibu, "Punje ni ya kweli. Wewe unataka nini zaidi?"

Miwani yake ilikaa kwenye kasha la bati la biskuti. Fremu zilikuwa chache, vioo vingi, vya kuchomoa na kuchomeka, na kila kimoja kimefungwa kwenye kitambaa chake. Majina ya kiwandani hakuyajali. Kile kisicho na rangi alikiita maji. Cha njano kilikuwa bibo, kwa rangi ya lile bibo la njano linaloning'iniza korosho. Cha rangi ya machungwa kilikuwa papai. Kulikuwa na zambarau, kulikuwa na chai ya rangi, ambayo ni kahawia, na chini kabisa, amekigeuza uso chini kama mtu aliye adhabuni, kulikuwa na kile cheusi alichokiita kaniki.

Mafunzo ya kuchagua rangi yalichukua muda mrefu kuliko mafunzo ya kupiga. Asubuhi ya mawingu mazito, au ukungu unapopanda kutoka bondeni, unavaa bibo, kwa sababu linaamsha mwanga uliolala. Wingu likiwa linakuja na kuondoka, papai. Jua kali la kawaida, chai ya rangi. Jua la saa saba juu ya mchanga mweupe, ndipo kaniki huruhusiwa, na hapo pia kwa shingo upande. Jioni, maji.

"Chukua rangi nyepesi kabisa ambayo jicho lako linaivumilia," alifundisha. "Ukizidisha giza, mboni inatanuka kutafuta mwanga, na kitu kinaota ukungu pembeni. Halafu unaniambia bunduki ina kosa."

"Na zambarau, mzee?"

Hapo alilainika. Zambarau ndiyo aliyoipenda. "Mikorosho ni kijani. Kisahani ni chekundu. Zambarau inaiambia mikorosho inyamaze ili kisahani kiseme."

Mteja wake mkubwa alikuwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Chuno, mtu mnene, mcheshi, ambaye sisi tulimwita Muuza Misumari. Mara ya kwanza alikuja na miwani ya vioo vyeusi yenye mikono ya rangi ya dhahabu. Bwana Nyama aliigonga kwa ukucha, akasikiliza ule mlio.

"Kioo cha chupa hiki."

"Mzee, hiyo nimeletewa kutoka Dubai."

"Dubai kuna mikorosho?"

"Hakuna."

"Basi haijui inachokuja kutazama hapa."

Akampa fremu yenye kuzunguka mpaka kwenye masikio, maana kigae hakiji mbele tu. Kisha akampa mti wa ufagio, akamwambia aubane begani na kuulazia shavu kama bunduki. "Unaona nini juu?" Muuza Misumari akasema anaona ukingo wa fremu. "Ondoa. Ukiinamisha kichwa unatazama juu ya miwani, huitumii. Umevaa pambo." Ikabadilishwa fremu, mti wa ufagio ukarudi begani, ikabadilishwa tena. Alipokuja kushika bunduki ya kweli, jua lilishahama na rangi ya kioo ikabidi ichaguliwe upya. Siku hiyo Muuza Misumari alilipia kiwanja na hakupiga hata kisahani kimoja. Alirudi wiki iliyofuata. Watu wa namna ile walimpenda Bwana Nyama, sijui kwa nini. Mimi pia nilikuwa mmoja wao.

Sasa huyu mtu aliyekitia kaniki adhabuni ndani ya kasha, Ijumaa alikwenda msikitini amevaa nini? Kaniki. Mvua inanyesha, mbingu nyeusi tii, yeye anashuka barabara ya Rahaleo, mtaani kwake, na vioo vyeusi na kanzu yake, anakanyaga madimbwi. Nilimuuliza siku moja. Akasema msikitini hakuna visahani.

Kanzu nayo ilikuwa na mambo yake. Ilikuwa ya buluu. Haikununuliwa ya buluu; ilinunuliwa nyeupe pe. Lakini Bwana Nyama alianza kulalamika kwamba ina rangi ya samli, na mkewe akaifua upya, naye akalalamika tena. Bi mkubwa alikuwa mama wa Kimakonde asiye na papara, na nilipokuwa nikipeleka kuni pale nyumbani alinieleza shida zake huku anasugua.

"Nnaifua mpaka nkono unauma. Nzee anasema bado. Nkaongeza buluu ya kufulia, akasema haijatakata. Nkaongeza tena. Juzi nmemwaga kopo zima, ndo kasema, ahaa, sasa nyeupe. Haya."

"Lakini mama, hii si nyeupe."

"We unantaka nimwambie mimi?"

Hakuna aliyemwambia. Pale msikitini mzee mwenzake alimuuliza kama siku hizi anavaa bahari, na Bwana Nyama akacheka kwa heshima, akidhani ni sifa.

Hapa ni lazima nimlete Mama Vyungu, maana bila yeye kiwanja kingefungwa mapema. Visahani vya kiwandani vilikuwa vikifika kutoka Dar kwa kusuasua, na msimu mmoja havikufika kabisa. Bwana Nyama akaenda kwa mfinyanzi mmoja jirani na shamba, mwanamke ambaye vyungu vyake vinapikiwa kunde hadi Mikindani. Akamwonyesha kisahani kimoja cha mfano, akamwomba afinyange vingi kama hicho. Mama Vyungu akafinyanga. Akavisugua kwa kokoto, akavipaka udongo mwekundu, akavichoma vizuri kwa magome, akavileta mwenyewe kwenye kapu ili aone vinatumiwaje.

Bwana Nyama akajiweka sawa, zambarau usoni. "Toa!" Nikaachia. Bunduki ikalia, kisahani kikatoa mlio kama kengele ya baiskeli, kikaendelea na safari yake, kikatua kwenye mchanga kizima.

Mama Vyungu akapiga kigelegele. "Mmeona? Cha kwangu hakipasuki ovyo!"

"Mama," Bwana Nyama akasema, "mimi nataka kipasuke."

"Kipi?"

"Kisahani."

"Sasa kwangu ulifuata nini? Si ungekwenda kwa wifi yangu! Vyake vinapasuka hata kwa kutazamwa."

Alichukia kweli. Mtu anayesifiwa maisha yake yote kwa vyombo visivyovunjika, unamwendea na kumwomba chombo kibovu, tena kwa makusudi. Ilichukua siku kadhaa na maneno matamu ya bi mkubwa mpaka akakubali kufinyanga vyembamba, kuchanganya majivu mengi, na kuvianika juani bila kuvitia motoni. Sharti lake lilikuwa moja: mtu yeyote asiseme vile ni vya kwake. Baada ya hapo akawa anakuja kila Jumamosi kutazama vikivunjwa. Alikaa kwenye kigoda nyuma ya kamba, miwani ya maji usoni juu ya ushungi wake, na kila kisahani kilipopasuka alitikisa kichwa. "Si changu hicho," alisema, ingawa mara nyingi alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Huyo ndiye mtu pekee niliyemsikia akimbishia Bwana Nyama. Sisi wengine tulimtania kwa mbali. Yeye alimtania uso kwa uso.

Sikumbuki lini rangi zilianza kumgeuka. Niliondoka kwenda kubeba korosho, nikarudi, nikamkuta anavaa zambarau asubuhi na mapema, jambo ambalo kwa sheria zake mwenyewe lilikuwa kosa kubwa. Juma lililofuata akavaa bibo saa sita mchana. Akasema kiwanda kimechanganya rangi, siku hizi wanatia maji. Akaagiza vioo vipya kutoka Dar, vikaja, akavishika juu kwenye mwanga, akavitupa ndani ya kasha. "Vichafu tu hivi." Akavisugua kwa sabuni ya kipande, akavisugua kwa pindo la kanzu ya buluu. Mikorosho, alisema, mwaka huu ina ukungu hata kiangazi. Jua lenyewe alisema linachuja.

Kila kitu kilikuwa na kosa isipokuwa jicho lake la kulia, lile analolengea. Na sisi tuliosimama karibu tuliliona lile jicho. Katikati ya mboni palikuwa na kitu kama tui lililomwagika kidogo, na la kushoto lilikuwa linaanza kulifuata.

Lililokuwa mbele yetu lilikuwa wazi. Mtu asiyeona vizuri hashiki bunduki. Sheria hiyo aliiweka yeye, aliiandika kwa chaki mlangoni, na nimemwona akimrudisha nyumbani mteja aliyesema ana kizunguzungu kidogo. Siku akiikubali hali yake, ufunguo unatoka shingoni, kiwanja kinafungwa, na yeye anabaki mzee anayekaa barazani Rahaleo akiulizwa habari za viboko. Mama Vyungu alimgusia hospitali. Kila mtu anajua mtoto wa jicho anatolewa, jirani zetu wengine wametolewa na sasa wanahesabu chembe za mchele.

"Mimi nimesimama mbele ya kiboko dume," Bwana Nyama akasema, "na mkononi nina tochi tu."

"Kiboko yule alitaka kukutia kisu jichoni?"

"Hakutaka."

"Basi ndiyo maana ulisimama."

Bwana Nyama akafungua kasha, akabadilisha kioo.

Tukaanza kumtunza bila kukubaliana. Mimi niliishusha springi ya mtambo tundu moja, visahani vikawa vinaruka polepole kama njiwa aliyeshiba. Mama Vyungu akaacha udongo mwekundu, akaanza kuvipaka chokaa ili vionekane. Muuza Misumari, ambaye sasa alikuwa hodari, akawa anakosa visahani vya wazi kabisa na kujilaumu kwa sauti. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Mimi nilipoona visahani vyeupe ndani ya kapu, Mama Vyungu alinitazama, akaitazama springi, akageuza uso kuelekea mikorosho. Basi. Na Bwana Nyama akawa anapata kimoja kimoja, akafurahi, akasema vile vioo vipya si vibaya, vilihitaji tu kuzoewa.

Tungeendelea hivyo mpaka lini, sijui. Siku ya kunguru ndiyo iliyotukatiza.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mawingu kidogo. Kisahani kimoja kilikuwa kimepasukia kwenye mkono wa mtambo na mimi nilikuwa nimeinama shimoni nachokonoa vipande. "Toa!" akaita. Nikajibu, "Bado!" Lakini wakati huo huo kunguru mmoja akatokea upande wa mkonge, akapita juu ya mikorosho kwa shughuli zake. Bunduki ikalia.

Nikainua kichwa. Manyoya yalikuwa yanashuka taratibu.

"Hicho kimekwenda!" Bwana Nyama akasema kwa furaha. "Mmeona kilivyotawanyika? Hiyo ndiyo zambarau. Hakuna cha kuizidi."

Muuza Misumari alishika kidevu chake, akatazama viatu. Mimi nilibaki shimoni, na kusema kweli nilitamani kushuka zaidi. Mama Vyungu aliinuka kutoka kwenye kigoda chake, akaivua miwani ya maji.

"Bwana Nyama," akasema, bila kupandisha sauti, "visahani vyangu havina manyoya."

Nilidhani atakasirika. Aliifungua bunduki, akatoa ganda la risasi, akailaza juu ya meza kama anavyotufundisha. Akavua zambarau. Akafungua kasha, akavaa papai, akatazama juu. Akaivua, akavaa chai ya rangi, akatazama juu. Akavaa bibo. Akavaa maji. Manyoya ya mwisho yalikuwa yameshatua.

"Alikuwa nini?"

"Kunguru," Muuza Misumari akasema.

"Mweusi?"

"Kama kunguru wote, mzee."

"Mimi nimekiona chekundu," akasema. "Chekundu kabisa."

Mama Vyungu na mimi tulitazamana. Ndani ya kapu lake, siku ile, kama siku nyingi kabla yake, hapakuwa na kisahani chekundu hata kimoja.

Akafunga kasha. Akazifungia bunduki kwenye sefu moja baada ya nyingine, akavua ufunguo shingoni, akanipa. "Umpelekee bi mkubwa. Mwambie asinipe hata nikimwomba vizuri."

Nilimpelekea. Bi mkubwa aliupokea kwa mikono miwili, akauweka ndani ya kopo tupu la buluu.

Kiwanja kikakaa kimya na mimi nikahama, maana mahali penye kimya huwa panaiuma miguu yangu. Nikaenda Kilambo, nikawa napakia mizigo kwenye boti za kuvuka Ruvuma. Habari zilinifikia kwa vipande kutoka kwa watu wanaokwenda na kurudi. Kwamba Bwana Nyama hatoki nje. Kwamba Bwana Nyama kaonekana hospitali, kavaa kaniki ndani ya jengo, kakataa kukaa kwenye benchi, kasimama mlangoni siku nzima, karudi nyumbani. Kwamba kaenda tena na mkewe, na safari hii bi mkubwa alikaa mlangoni kapakata mkoba wake ili mumewe asipate pa kupitia. Halafu sikusikia kitu.

Nilirudi mjini mwanzo wa msimu wa mabibo. Nilimkuta barazani kwake Rahaleo, ameishika kanzu mbele yake kwa mikono miwili, anaigeuza na kuigeuza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hii kanzu ya nani?"

"Yako, mzee."

"Mbona ya buluu?"

Ndani ya nyumba nilimsikia bi mkubwa akiweka sufuria chini. "Nlijua tu," akasema. "Nlijua siku itafika."

"Nimekwenda nayo msikitini hii?"

"Kila Ijumaa," bi mkubwa akajibu kutoka ndani. "Na Idi zote mbili."

Bwana Nyama akaiweka mapajani, akafikiri. Kisha akainua macho kunitazama, na ndipo nilipoona. Jicho la kulia lilikuwa safi, jeusi, limeamka. Alinitazama kwa muda mrefu kama siku ile aliponivua miwani.

"Nilidhani una ndevu nyeusi."

"Zilikuwa nyeusi, mzee, ulipoziona mara ya mwisho."

Akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia alivyoelezwa na daktari: kwamba mtoto wa jicho haji mara moja kama pazia, anajenga polepole, na anajenga kwa rangi, kwanza ya samli, kisha ya chai. Miaka yote hiyo alikuwa anatazama dunia kupitia kioo cha njano kilichokaa ndani, na juu yake anachomeka zambarau, anachomeka bibo, anagombana na kiwanda. "Nawafundisha watu kuchagua rangi," akasema, "kumbe mimi nilishachaguliwa."

Muda aliopewa na daktari wa kutogusa bunduki baada ya upasuaji ulikuwa umekwisha. Bi mkubwa alimrudishia ufunguo juma lile lile, ukiwa umepakaa buluu, na Jumamosi tukaenda kiwanjani. Muuza Misumari alikuwepo. Mama Vyungu alikuwepo, na kapu.

Bwana Nyama aliinama, akachukua kisahani kimoja, akakishika kwenye mwanga kama alivyokuwa akifanya na vioo.

"Nani kafa?"

Muuza Misumari akaanza kuifuta miwani yake.

"Nauliza nani kafa, mbona vimevaa sanda?"

Mama Vyungu akajifanya anarekebisha ushungi. Bwana Nyama akakiweka chini, akatembea mpaka shimoni, akainama juu ya mtambo. Kidole chake kikafuata springi mpaka kwenye lile tundu la chini. Akakiacha hapo kidogo. Aliponyanyuka alimgeukia Muuza Misumari.

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa nakosa tu, mzee. Kipaji."

Akasimama katikati yetu, kofia ya kiua mkononi. Niliogopa kidogo. Kumwonea mtu huruma kwa siri ni jambo moja. Yeye akijua, ni jambo jingine. Angeweza kutufukuza wote watatu na angekuwa na haki yake.

"Mmenilea kama mgonjwa," akasema hatimaye, "na hakuna aliyeniletea hata uji."

"Ungekunywa?" Mama Vyungu akamuuliza.

"Nisingekunywa."

"Basi."

Mama Vyungu akavisogeza visahani vyeupe, akainua kitambaa chini yake, na ndani kabisa ya kapu vilikuwepo vyekundu. Sijui alivitunza tangu lini. Mimi nikashuka shimoni nikaipandisha springi mpaka tundu la juu, mtambo ukaguna kama mzee aliyeamshwa. Bwana Nyama akafungua kasha lake. Alivigusa vioo vyote, kimoja kimoja, kwa utaratibu ule ule, akaitazama mbingu, akaitazama mikorosho iliyokuwa imejaa mabibo mekundu na ya njano. Tukasubiri. Akachukua maji, kile kisicho na rangi yoyote.

Akalaza shavu. "Toa!"

Nikaachia, na sikukipunguzia mwendo. Kilitoka kwa kasi ya zamani, kikalala upande, kikakata juu ya mikorosho. Bunduki ikalia. Kisahani kikaendelea, chekundu, kizima, kikapita mkonge, kikatua mbali tukasikia kikipasukia chini.

Muuza Misumari alikuwa tayari anafungua mdomo kusema jambo la kufariji, na nilimwombea kimoyomoyo asiseme.

Bwana Nyama akashusha bunduki. "Nimekosa," akasema. Akatugeukia, na uso wake wote ulikuwa unacheka. "Nimekosa kwa nyuma! Upana wa kiganja. Nimechelewa, nimekiona nilivyochelewa! Kilikuwa kinazunguka kwa kulia, na ukingoni kina alama ya kidole gumba."

"Muongo huyu," Mama Vyungu akasema, huku akifuta macho chini ya miwani yake. "Haya tuambie, leo miwani ina kosa gani?"

Niliinua kichwa shimoni ili nisikie vizuri, maana swali hilo katika miaka yote niliyomjua halijawahi kukosa jibu refu.

"Miwani haina kosa," akasema Bwana Nyama, akatia risasi nyingine, akalaza shavu. "Toa."